Mbolea Niliyotia Kwenye Tangi la Samaki

Wakati kila mtu anakimbilia dhahabu Nyamongo, mimi nilikuwa mapokezi kwenye gesti ya Mama Boke. Aliweka tangi la samaki la kioo sebuleni ili kuvutia wageni. Aliposafiri kwenda Musoma aliniachia nilitunze, kwa sababu nilikuwa nimejisifu kwamba nimesomea kilimo.

Siku ya pili niliona mimea ya mle majini imepauka. Nikatia mbolea. Haikubadilika, nikaongeza. Siku ya nne maji yalikuwa ya kijani kama mlenda, utelezi umefunika kioo, na samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Nikaongeza tena.

Mama Boke akarudi bila taarifa, wageni watatu wakiwa nyuma yake.

"Shikamoo mama. Mimea iliugua, nikaitibu kwa mbolea."

Mama Boke alikunja mkono wa gauni, akachomoa mmea mmoja majini na kunikabidhi. Haukuwa na mizizi. Chini yake kulikuwa na kitako cha plastiki chenye chapa ya kiwanda.

"Bwana kilimo," alisema taratibu mbele ya wageni, "huu unapandwa msimu gani?"