Unene wa Kornelia

Majirani bado wanakumbuka mlio wa vizibo vya soda dukani kwa Nyanjige, Bariadi, biashara huria ilipoanza. Mwanawe, Kornelia, alishinda na soda na biskuti, akanenepa.

"Huyu, ugonjwa utamwanzia wapi?" walimsifu.

Surua ikamwanzia kifuani. Kwa desturi, Nyanjige akamnyima nyama na dagaa, akabakiza soda. Mtoto akahema kwa shida, mama akamkimbiza zahanati.

"Mama Kornelia, mwili huu mnene una njaa," muuguzi alisema baada ya kumpa mtoto dawa. "Unene si kinga. Mpe dagaa, maharage, mlenda."

"Wazee husema akila dagaa, surua itarudi ndani, imwue?"

"Njaa ndiyo itakayomuua."

Nyumbani, Nyanjige alitwanga dagaa, akampelekea kijiko mdomoni. Kornelia akafumba mdomo. Mama akamwinamia, akanong'ona:

"Meza kidogo tu, mama. Usiniache."