Anaposhona Mwenyewe

Daktari mpasuaji wa chumba cha nne, pale Kuopio, Ufini, haamini picha za mashine mpaka vidole vyake vithibitishe. Akishafungua tumbo hufumba macho na kuupapasa utando mwembamba unaolifunika kwa ndani, polepole, kama mtu anayechambua mchele gizani. Tuulikki, muuguzi anayempa vifaa kwa mwaka wa kumi na tatu sasa, amezoea kumsikia akiisuta saratani kana kwamba ni jirani mkorofi: "Umetoka kwenye ovari, ukaelea kwenye maji ya tumbo, ukajibanza hapa. Kisha ukawasukuma wenye nyumba, ukazamisha mizizi. Huna haya wewe!" Punje za saratani zikiwa chache, huzikwangua moja moja hata kwa muda wa saa nane, halafu humwachia msaidizi ashone, naye huyo, anafuata kahawa.

Leo punje zilikuwa zimetapakaa hadi juu ya utumbo wote, kama ulezi uliomwagika. Hakukwangua hata moja. "Nipe uzi mwembamba," alisema. "Nitashona mwenyewe." Akaishona ngozi kwa mishono midogo midogo, nusu saa nzima.

"Lakini daktari," Tuulikki akanong'ona, "huyu mama si kabakiza miezi tu? Urembo wote huo wa nini?"

Hakuinua kichwa. "Sikukuu ya kiangazi ataingia sauna na dada zake. Mle kwenye mvuke hakuna nguo, Tuulikki. Wote watalitazama tumbo."

Kisha akaufumua mshono mmoja uliopinda kidogo, akauanza upya.