Sikusafiri na Jaji

Viza yangu ya matembezi ilikuwa inakaribia kuisha, na kila ofisi ndogo ya mawakili niliyobisha hodi hapa Dubai ilinitoa kwa maneno matamu. Moja ilitaka Kiarabu cha mahakamani. Nyingine iliniambia inshallah, nami, mjinga wa watu, nikarudi chumbani kwangu Rashidiya nimefurahi. Nyumbani nilikuwa msaidizi wa jaji, na nilidhani kazi hiyo ingenifungulia milango.

Ofisi ya mwisho ilikuwa Deira, ghorofani, juu ya mawakala wa mizigo. Mwenyewe alikuwa wakili wa kwetu, aliyehamia huku kushughulikia kesi za wafanyabiashara. Nilipoketi alinikazia macho, akanitambua.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa meza ya chini, mbele ya Mheshimiwa."

Nikakubali. Hapo macho yake yakapanda, yakatua juu ya kichwa changu, yakabaki huko. Mahakamani nilishazoea hayo: wakili huzungumza na jaji, msaidizi hata hamwoni. Lakini hapa nyuma yangu palikuwa na ukuta mtupu. Niligeuka kuhakikisha. Aliponiuliza kama naweza kuandaa hoja za rufaa, aliuuliza ukuta, tena kwa adabu. Nikamwambia jaji alishafariki.

"Najua," alisema, bila kushusha macho.

Kisha akatoa lililokuwa likimla moyo. Alichelewa kuwasilisha rufaa ya bibi mmoja, rufaa ikatupwa, bibi akatolewa nyumbani kwake. Je, jaji alizisoma sababu za kuchelewa, au aliitupa tu? Jibu nilikuwa nalo. Kazi niliitaka mno, na yule mtu alinitisha, lakini ya ofisini kwa jaji hayasemwi nje. Nikamwambia sitamjibu, nikaanza kukusanya vyeti vyangu.

"Yeye naye angenijibu hivyo hivyo," alisema, uso umemlainika. Akanipa kazi, nianze Jumatatu.

Jumatatu nilikuta meza yangu mbele ya ukuta ule ule. Nyuma ya kiti changu kilikuwa kimeongezwa kingine, kirefu, kitupu. Wakili akaingia na jalada la bibi, akafunga vifungo vya koti, akainama.

"Mheshimiwa, tuko tayari."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi. Badala yake nilijikuta nimesimama wima, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikiita, kama kila jaji alipokuwa akiingia mahakamani: "Kooorti!"