Maji ya Udhu wa Mzee Ubwa

Zamani kijana wa Michenzani alifagia kiwanja msimu mzima kabla hajapewa jezi, na siku hizi anafanyiwa msafara wa magari kabla hajajua kukaba.

Mzee Ubwa Khatib aliutazama msafara huo kutoka dirishani kwake, ghorofa ya tatu, akaona kinyaa. Mbele zilitangulia vespa zikipiga honi. Nyuma lilikuja gari la wazi, na juu yake kasimama Mahfoudh, mtoto wa pekee wa Bi Mwanamkasi muuza mikate ya mofa, kavaa kofia ya timu ambayo hata uwanja wake hajaukanyaga. Kila gari lilipopita chini ya waya za umeme kijana aliinama, na watu wakapiga vigelegele. Watu wazima, wenye wajukuu, wanamshangilia mtu kwa kukwepa waya!

Mzee Ubwa ndiye aliyemfundisha. Maisha yake yote alikuwa msimamizi wa makuli bandarini. Shule yake iliishia ya msingi, lakini Kiingereza alijifunza mwenyewe kwa magazeti ya michezo yaliyoachwa na mabaharia, akiyasoma na kamusi pembeni mpaka kurasa zikafumka. Jioni alishuka kiwanja cha mpira wa kikapu, penye ringi zilizochomelewa kwa nondo zilizobaki majumba haya yalipojengwa. Hapo palikuwa na adabu. Mdogo anafagia, mkubwa anaosha mpira, na anayekosea anaambiwa mbele ya wenzake, kisha usiku haujaingia anakunywa kahawa na huyo huyo aliyemwambia. Hakuna aliyekwenda kumshitakia mama yake.

Mahfoudh alikuja hapo na urefu wa kutisha na miguu ya mtu anayetembea juu ya mawe. Mikono alikuwa nayo, miguu bado. Mzee Ubwa alimwambia hivyo kila jioni, na kijana, mwenye tabia njema wakati huo, alicheka akarudia zoezi la kukunja magoti na kushusha kiuno. Baadaye akapata kwenda ng'ambo kusoma kwa sababu ya mpira. Mwaka huu ligi ya kulipwa ya huko ilipofanya uchaguzi wa wachezaji wapya, timu zikichagua kwa zamu, jina lake lilitajwa karibu na mwisho kabisa, wakati watazamaji wameshaanza kutoka ukumbini.

Michenzani hakuna aliyeuliza limetajwa la ngapi. Limetajwa, basi. Borafya, mjomba wa kijana, ambaye hajadundisha mpira tangu azaliwe, akajitawaza kuwa meneja. Akachapisha picha ya Mahfoudh kubwa kama mlango, akaitundika juu ya duka la simu. Wanawake wakashona sare. Bi Mwanamkasi akampa jirani tanuri lake la mofa, kwa kuwa mama wa mchezaji wa kulipwa hachezei makaa.

Siku ya maulidi ya kumuaga, Borafya alishika kipaza sauti.

"Haya, Babu Ubwa, wewe ndiye uliyempika. Tupe neno. Lakini lisiwe refu, biriani inapoa!"

Watu wakacheka. Mzee Ubwa akasimama.

"Mahfoudh kaitwa akajaribiwe," alisema. "Hajaajiriwa. Wanaochaguliwa mwisho kama yeye, wengi hurudishwa kabla ya msimu kuanza, na wanaobahatika hupelekwa timu ya chini. Basi tumuombee timu ya chini. Akae huko, ajifunze miguu. Akilipata hilo, kafaulu. Na sisi tuizoee habari hii tangu leo, ili akirudi asione aibu kupita mbele yetu."

Sauti ikatoka upande wa wanawake:

"Hakusema mashaallah! Mmemsikia? Kamtaja mtoto wa watu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mashaallah hakusema!"

Kweli hakusema. Hakuona alichosifu hata aseme neno la kukinga jicho.

Bi Mwanamkasi akaja na chetezo mkononi, ubani unafuka, akamzungushia mwanawe. "Mwalimu," alisema, "mtoto nilikupa umfunze. Sikukupa umpigie ramli mbele za watu."

"Biriani ya hasidi ifungeni kwenye mfuko," Borafya akadakia, "akailie kwake!"

Kicheko kikapasuka. Mzee Ubwa alitafuta makubadhi yake mlangoni, na alipogeuka alimwona Mahfoudh anatazama mkeka. Maneno ya Borafya hayakumuuma. Mjinga ni mjinga. Kilichomchefua ni ule mkeka kupata mtazamaji, na yeye kukosa mtetezi.

Kijana akasafiri. Mitaani zikazunguka video zake akishuka kwenye basi la timu, akifunga viatu, akinywa maji. Za kucheza hazikuonekana. Msimu haujafunguliwa, timu ikamuacha. Walisema ana mikono mizuri lakini miguu mizito, hawezi kukaba, wakamtakia heri. Alirudi kwa boti ya jioni, na vespa hata moja haikwenda bandarini.

Ungedhani watu wangekumbuka kwamba waliambiwa. Walikumbuka, ila kwa namna yao: aliyesema ndiye aliyesababisha. Mzee Ubwa akipita barazani, mazungumzo yanakatika. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga alimfunika uso kwa ukaya. Muuza maziwa, aliyemjua miaka yote, alirudishia kifuniko cha ndoo. Mzee Ubwa aliwatazama kama mtu anavyotazama nzi kwenye chai.

Hata hivyo alipiga simu Dar es Salaam, kwa mtu waliyewahi kupambana naye uwanjani ujanani, ambaye sasa alifundisha timu moja huko, si kubwa wala si ya kuchekwa. Mtu huyo akakubali kumchukua Mahfoudh. Sharti moja: Jumamosi awe kiwanjani, ikipita nafasi ni ya mwingine. Mzee Ubwa akapeleka salamu hizo kwa Bi Mwanamkasi.

Alhamisi, baada ya alasiri, ikasikika hodi.

"Shikamoo, Mwalimu," Mahfoudh alisema, akiinama mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, Bi Mwanamkasi." Moyo wa mzee ulifurahi mpaka akajionea haya. Akavuta viti. "Boti ya asubuhi ndiyo nzuri. Viatu unavyo?"

Wala hawakukaa. Hapo ndipo alipoiona ndoo ndogo ya plastiki mkononi mwa mama.

"Hatukuja kwa hilo, Mwalimu," alisema Bi Mwanamkasi. "Hatukuja kugombana pia. Tunakuomba utawadhe, maji yake utupe tukamkoshee mtoto. Kifungo kifunguke, apate kurudi kwenye timu yake."

Mzee Ubwa aliijua kawaida hiyo. Hasadi ipo, hakuikanusha, na anayedhaniwa jicho akiombwa maji hakatai. Mama yake mwenyewe aliwahi kumpa jirani. Lakini hilo lilifanywa kwa siri na kwa haya, mtu na mtu. Hapa Borafya alikuwa kwenye ngazi, simu kaielekeza ndani.

"Babu, sogea kidogo kwenye mwanga," alisema Borafya.

Mzee Ubwa alimtazama kijana. "Walipokuacha walikwambia tatizo nini?"

"Miguu, Mwalimu."

"Na mimi nilikwambia nini?"

"Miguu."

"Basi sikiliza. Maji nitakupa. Lakini ukiyabeba, umeshasema kosa ni jicho langu, na miguu yako haina la kujifunza. Au iache hiyo ndoo hapo, Jumamosi upande boti. Chagua wewe, si mama yako."

Mahfoudh aliitazama ndoo, akaitazama simu ya mjomba wake.

"Timu ile inacheza kiwanja cha wazi, Mwalimu. Mvua ikinyesha wanakimbilia kwenye banda. Mimi nshachaguliwa ng'ambo. Watu watasemaje?"

Mzee Ubwa akaichukua ndoo. Akakaa kwenye kibago na kopo lake, akakosha mikono, akasukutua, akakosha uso, akakosha mikono mpaka viwikoni, akapaka kichwa, na mwisho miguu, wa kulia kisha wa kushoto, polepole. Maji yote yakakusanyika ndani. Akainyanyua, akampa kijana.

"Mashaallah," alisema.

"Hilo nimelinasa!" Borafya akapiga kelele kwenye ngazi.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho Mzee Ubwa kuwaona. Mama alitangulia kushuka, akimwambia mwanawe taratibu, taratibu. Mahfoudh alimfuata, ndoo kaikumbatia, magoti kayakunja, kiuno kakishusha, kila unyayo unatua mahali pake na kutulia kabla mwingine haujanyanyuka, ngazi moja baada ya nyingine. Mzee Ubwa alisimama juu akaitazama ile miguu mpaka chini kabisa. Kijana hakumwaga hata tone.