Kamba Iliyovuta Pikapu ya Maziwa

Nyinyi mnaonitumia pole, acheni kwanza.

Jumamosi pikapu ya maziwa ilikwama kwa matope hapa Litein, nikaivuta na kamba yetu ya kushushia matawi tukikata miti.

Kamba ikivuta gari huumia ndani, na kwa nje huoni kitu. Na mimi ndiye hufundisha wengine hivyo!

Nikaikunja. Nikairudisha kazini bila kumwambia mtu.

Leo nilikuwa juu ya mti wa blugamu na msumeno. Kipkoech, mwenzangu wa kazi miaka tisa, alikuwa chini ameshikilia kamba ile ile, tawi limefungwa kwayo.

Nikakata tawi. Kamba ikakatika. Tawi likamvunja mguu.

Hospitalini akanishika mkono.

"Pole, ndugu yangu. Nafikiri nililegeza kamba haraka. Kosa ni langu."

Na mimi, jamani, nikamwambia nimemsamehe.