Jina la Mwana wa Padloq

Severin alifika kwa Padloq, kaskazini ya mbali kwenye barafu, amevaa suruali ya sufu, ambayo kwa baridi ya kule ni vazi la mtu aliyechoka kuishi. Padloq, mjane na fundi wa kushona ngozi, alimpima kwa shubiri bila kumwuliza, akamshonea suruali ya ngozi ya dubu. Mgeni huyo wa Denmaki alikuwa amevuka barafu kwa sleji, gari la kuteleza linalokokotwa na mbwa, ili ajifunze mila za watu wale, na kwa kuuliza alikuwa hana mpinzani.

Siku moja, watu wakila nyama ya sili, mnyama wa bahari ile, akaanza kumwuliza Padloq habari za ukoo. "Na Masaitsiaq, mwanao, alikufaje?"

Visu vikasimama. Kijana huyo alikuwa amepotelea baharini, na kule jina la marehemu halitamkwi mpaka mtoto mchanga apewe jina hilo. Ndipo mwenyewe hurudi kwa watu wake. Mwaka ule hapakuwa na mwanamke mwenye mimba.

"Umemwita," Padloq alisema, machozi yakimlenga. "Sasa anakuja, na hana pa kukaa."

"Nisamehe, mama."

"Msamaha wako ataukalia? Utambeba wewe."

Jirani, mzee Ussarqak, akacheka. "Na ndevu zote hizo! Utamnyonyesha?"

"Wewe tafuna nyama yako," Padloq akamkata.

Hivyo ndivyo Severin alivyopata mama. Alijifunza kuvizia sili kwenye tundu la barafu wanalopumulia, na windo lake la kwanza akalipeleka kwa Padloq, kama impasavyo mwana. Aliandika nyimbo na ngano, akaenda kwao, akarudi, akaenda tena. Kila alipofunga mizigo Padloq alimfokea: "Ukifia huko, mwanangu atarudije? Wenzako hawajui kuita." Severin aliahidi kufia nyumbani. Lakini kifo hakina miadi.

Meli ya kiangazi ilileta habari kwamba homa ya mapafu ilimchukua huko Kopenhageni. Padloq alikuwa amefiwa na mwana yule yule mara ya pili. Majira yote ya giza, miezi ambayo kule jua halichomozi, hakulitaja jina lake, na moyo ulimuuma.

Binti yake, Ivalu, alikuwa mjamzito, ila mumewe alikataa katakata mtoto apewe jina hilo. "Mtoto wangu azurure kama yule mzungu? Kwetu pia wapo wafu."

Akazaliwa msichana, akalia, akakataa titi. Kule mtoto akilia hivyo, huwa anadai jina lake. Baba akataja wafu wa kwao mpaka wakamwishia. Mtoto analia tu.

"Mama," Ivalu akasema kwa unyonge, "mwite."

Padloq akamlowesha mtoto midomo kwa maji. "Masaitsiaq."

Kilio hakikukoma. Basi mwanawe amepotea kweli. Kisha akakumbuka ni nani aliyembeba miaka yote hiyo. Akainama tena.

"Severin," akanong'ona.

Mtoto akanyamaza, akalitafuta titi.

"Kula, mwanangu," Padloq akasema, sasa akilia yeye. "Umetoka mbali."