Ubongo wa Ngozi Uwanjani

Dada yangu mdogo anatafiti ubongo chuo kikuu, na pia ni mchoraji. Wenzake walimwambia achague kimoja. Akakataa, akaja soko la Kariokor, kwenye kibanda changu cha mikoba ya ngozi.

"Kaka, nishonee ubongo. Mkubwa, watu wauzunguke."

Mimi niliacha shule darasa la nane, wazazi walipofariki, ili nimlee. Ubongo sikuwahi kuuona ila wa mbuzi, kwenye supu. Alinichorea, nami nikakunja ngozi nyeupe, nikashona mkunjo juu ya mkunjo hadi ukaipita meza yangu kwa ukubwa.

Jumamosi tukaubeba hadi uwanja wa mtaa wetu. Muuza nyama wa soko la Burma akaukazia macho.

"Niaje, fundi? Hayo matumbo ni ya ng'ombe gani?"

"Ni ubongo."

"Wa nani? Wako hauwezi kuwa mkubwa hivyo!"

Watu wakacheka, wakasogea.

Lakini dada alikuwa akitazama dirisha la ghorofa ya kwanza, kwenye jengo la kando ya uwanja. Pale anaishi binti mwenye kifafa. Siku moja alianguka akicheza, wenzake wakatimua mbio, na tangu hapo mama yake hakumruhusu kutoka ila kwenda shule. Asubuhi dada alikuwa amewabishia hodi. Mama akamjibu, "Asante, lakini leo hatutoki."

Dada akawagawia watoto brashi na rangi waupake ubongo, akawaeleza kwamba seli za ubongo huongea kwa zamu. Zikipayuka zote pamoja, mtu anaweza kuanguka. Si pepo, wala kifafa hakiambukizi.

"Haya, payukeni nyote!"

Wakapiga kelele hadi madirisha yakafunguka. Hata lile.

Muda si muda mama akashuka, amemshika binti mkono.

"Daktari alisema kelele zake huanzia juu ya sikio. Ni wapi hapo?" akauliza taratibu.

Dada akamgusa binti juu ya sikio, kisha akaonyesha mahali pale pale kwenye ngozi, akampa brashi. Binti akapapaka rangi ya machungwa.

Msichana mmoja akamwuliza, "Ukianguka tufanye nini?"

"Mnilaze ubavu, mmwite mama, mningoje."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Basi njoo upande huu, tumebakisha sehemu kubwa bila rangi."

Mama akamwachia mkono, akapanda ngazi peke yake. Jioni alimwita kutoka dirishani mara mbili, wala hakushuka kumchukua.